Geti la Uani, Igombe

Ardhi ya kwetu Igombe, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Mwanza, ni jiwe lililofunikwa udongo wa kutosha kuoteshea matembele. Kila anayejenga hapa hulijua hilo siku anaposhika sururu kwa mara ya kwanza. Nyumba yetu tuliisimamisha pale mawe yaliporuhusu, na banda la kuku likabanwa kati ya majabali mawili ambayo pimbi huyapanda asubuhi kuota jua. Upande wa nyuma tuliuacha wazi kwa miaka, kwa sababu nyuma yetu palikuwa na mteremko, baada ya mteremko mafunjo, baada ya mafunjo ziwa, na hapakuwa na wa kumfungia.

Ziwa ndilo lililobadili mambo. Zamani watu wa mlimani walioshuka mwaloni kununua dagaa walipita kando ya maji, kwenye njia ya mchanga. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zikaungana na masika ya 2020, na Mei mwaka huo Ziwa Victoria likafika kimo ambacho wazee walikuwa hawajakiona tangu 1964. Njia ya mchanga ikazama. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, juu zaidi ya hapo. Sisi tuko mbali na zile mita 60 za ukingoni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda, kwa hiyo maji hayakutufikia. Waliotufikia ni watu. Uani kwetu ndipo palipokuwa mahali pa kwanza pakavu, na njia ya mwaloni ikahamia katikati ya kamba ya nguo na tuta la matembele.

Watu hawakuharibu kitu. Walisema "mwangaluka", tukaitika, wakapita. Lakini njia inayokanyagwa na watu hukanyagwa na mbuzi pia, na mbuzi wakishalijua tuta lako hawalisahau. Asubuhi moja nilikuta matembele yote yamebaki vijiti, na shuka ya mtoto imetafunwa pindo. Siku hiyo baba watoto akasema sasa ni uzio.

Yeye amekulia Magu, kwenye boma lililozungushiwa minyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao mbuzi wanauogopa na ambao ukikurukia jichoni utalia siku nzima. Zizi la ng'ombe la baba yake halikuwa na geti. Lilikuwa na nguzo pacha kila upande na magogo yaliyopachikwa katikati yake, moja juu ya jingine. Kijana aliyachomoa alfajiri, akayarudisha jioni ng'ombe walipoingia. Kwa hiyo minyaa tuliipanda bila ubishi, vipande vikachomekwa ardhini msimu wa mvua na vikashika. Ubishi ulikuja kwenye geti.

Mwanza mjini geti ni chuma. Mabomba ya pembe nne, bati mgongoni, rangi nyeusi, mikuki juu. Baba watoto alitaka la namna hiyo. Mimi nilitaka la mbao, na sababu zangu nilizisema wazi: upepo wa ziwani wa alasiri ukilikuta bati utaligonga mpaka usiku, chuma kikivunjika kiungo unamtafuta mchomeleaji na umeme wa kumvutia waya mpaka huku nyuma, geti la mbao likiumwa unalitibu mwenyewe kwa msumeno na nyundo. Tena mbao tunazo karibu. Ukiachilia paini inayotoka Sao Hill kule Mufindi, kuna mashamba ya miti ya serikali ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa pili wa ghuba. Mninga hutoka mbali zaidi, kwenye miombo ya Tabora na Katavi, na bei yake inaonyesha safari hiyo. Lakini ni mti mwaminifu: ukikauka haupindi, na mchwa huuacha moyo wake wakatafute kwingine.

Nikashinda. Tukanunua paini, mbili kwa nne kwa fremu na moja kwa nane za kujazia, na nguzo mbili za mkaratusi. Ilikuwa Septemba, kiangazi kikali, mbao zimekauka mpaka zinalia ukizigonga.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana wa vitanda na makabati, na kwa vitanda na makabati hana mpinzani mtaani kwetu. Alipiga randa mbao zile mpaka zikang'aa. Alizipanga sita, bega kwa bega, zikabanana kiasi kwamba wembe usingepita. Akapigilia ubao wa mshazari kutoka pembe ya juu upande wa bawaba hadi pembe ya chini upande wa komeo. Akaja kwenye mashimo ya nguzo. Shimo la kwanza lilishuka mpaka magotini, sururu ikatoa cheche. La pili hivyo hivyo. Akakata nguzo zikalingana na mashimo, akashindilia udongo na kokoto, akatia bawaba kwa misumari, na jioni ile tulisimama uani tukalitazama geti letu. Lilipendeza kweli. Lilifunguka kwa kidole.

Watoto wa mtaa waligundua siku iyo hiyo kwamba ukipanda kwenye ubao wa chini, mwenzako akisukuma, unabebwa nusu duara. Hakuna mtoto anayeweza kukataa hilo, na sikuona sababu ya kuwafukuza. Geti lisiloweza kubeba mtoto halitaweza kubeba upepo wa Novemba. Kabla ya mwezi kwisha, ncha ya upande wa komeo ilikuwa imeshuka na kuanza kuchora upinde mchangani. Tukawa tunaliinua kidogo ili lifunge. Kisha tukawa tunaliinua kwa mikono miwili.

Vuli ikaanza.

Mama mkwe wangu, ambaye mimi namwita mama tu, anakaa Ukerewe na huja kwetu kila mwisho wa mwaka. Alishuka na meli ya kutoka Nansio, akapanda daladala mpaka Igombe, na badala ya kuja moja kwa moja akapitia mwaloni kwa sababu haamini sato aliyechaguliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo alikuja kwa njia ya nyuma. Kichwani alikuwa na kapu la machungwa ya kwao, mkononi sato wanne kwenye uzi wa makuti, na mvua ilikuwa imemshika tangu mwaloni. Nje ya geti, wakijikinga kwenye minyaa, walikuwapo mbuzi wa jirani.

Akaita hodi. Nikakimbia, nikavuta komeo, geti halikutikisika. Nikalivuta kwa nguvu. Halikutikisika. Mbao sita zilizokuwa zimebanana zikiwa kavu zilikuwa zimekunywa mvua ya juma zima, zikavimba, zikasukumana, na geti zima likaongezeka upana mpaka likaikaba nguzo ya upande wa pili. Chini ncha iliyoshuka ilikuwa imezama kwenye tope. Baba watoto akaja na mtaimbo. Mama anasema kwa nje, "Msiharibu mbao, taratibu." Mvua inapiga. Binti yetu amemshikia bibi yake mwavuli juu ya uzio, maji yote ya mwavuli yanashukia kwenye kapu. Baba watoto akapenyeza mtaimbo, akaegemea, tukasikia misumari ikilia, na kilichotoka hakikuwa geti peke yake. Bawaba ya juu ilikuja na geti, geti likaja na nguzo, nguzo ikaja na bonge la udongo na kokoto, na vyote vikalala juu ya matembele.

Mbuzi waliingia kwanza. Mama akafuata, akikanyaga juu ya mbao kwa uangalifu ili asichafue viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ondoeni hao mbuzi kwanza."

Tukawaondoa. Yeye akabaki palepale mvuani, kapu bado kichwani, akilitazama geti lililolala. Akainama, akapitisha kidole kati ya ubao na ubao, kidole kisipate pa kuingia. Akasema, "Fundi huyu anajua mbao za ndani. Za nje hajafundishwa. Nitamwita mjomba wenu."

Mjomba ni mdogo wake. Anaunda mitumbwi Kayenze, kwenye kivuli cha mwembe karibu na maji, na alijifunza kazi hiyo kwa wazee wa Ukerewe enzi ambazo mvule ulikuwa bado unapatikana kwa urahisi. Alikuja na tezo, patasi mbili, timazi na kamba, na mama akamtuma mtu akamlete pia yule fundi kijana. Nilihofia kwamba kijana angeona anaitwa kuja kuaibishwa. Mama alilimaliza jambo hilo kwa kumwekea kiti karibu na cha mjomba na kuwapa wote sahani moja ya ugali na sato.

Baada ya kula, mjomba akaanza na maji. Nataka niyaandike maneno yake vizuri, maana ndiyo yaliyonifungua akili, na sijayasikia kwa fundi mwingine yeyote wa nyumba.

"Mtumbwi ukiutoa kwenye kivuli ukauingiza ziwani siku ya kwanza, unavuja," alisema. "Nimesukumia pamba kwenye kila kiungo, lakini bado unavuja. Mwenye mtumbwi mgeni anashtuka. Mimi namwambia uache hapohapo, usubiri. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinaibana ile pamba, na kesho yake mtumbwi umekauka ndani. Maji yenyewe ndiyo yanaufunga. Na ukiuanika juani siku nyingi, mbao zinasinyaa, ukirudi majini utachota tena. Sasa wewe, kijana, umetengeneza geti lako kwa hesabu ya mtumbwi. Umezibana mbao ili maji yazikaze. Yamezikaza."

Kisha akaeleza jinsi ubao unavyovimba. Hauongezeki urefu, au unaongezeka kidogo kiasi kwamba huwezi kuona. Unaongezeka upana, kukatiza nyuzi zake. Ubao wa paini wa inchi nane uliokauka kiangazi unaweza kupata milimita tano za upana ukishalowa kwa muda. Kwa ubao mmoja huwezi kujali. Kwa sita ni sentimita tatu, na sisi tulikuwa tumeacha upenyo wa sentimita moja kati ya geti na nguzo. Hakukuwa na namna ambayo lingefunguka.

"Kwa hiyo ukijenga kiangazi unaziachanisha," kijana akasema.

"Unaziachanisha upana wa msumari mnene. Na ukijenga masika, mbao zimelowa, unazibana, maana jua litaziachanisha lenyewe. Uliza kwanza mbao imetoka wapi leo, juani au mvuani."

Jambo la pili lilikuwa ubao wa mshazari. Mjomba aliwataka watoto walete vijiti vinne, akavifunga kwa uzi pembe nne, akamshikisha binti yetu upande mmoja. Fremu ile ya vijiti ikainama mara moja, pembe ya mbali ikaenda chini. Akachukua kijiti cha tano, akakiegemeza kutoka pembe ya chini ya upande ulioshikwa kwenda pembe ya juu ya upande wa mbali. Fremu ikasimama. Akakigeuza, kutoka pembe ya juu ya upande ulioshikwa kwenda chini upande wa mbali, akakifunga kwa uzi. Ikasimama pia, lakini alipoibonyeza, uzi ukaanza kuteleza. Uzito wa geti unataka kushuka kwenye ncha ya mbali. Mshazari unaoanzia chini ya bawaba unausukuma uzito huo urudi kwenye nguzo, na mbao inajua kusukumwa. Mshazari uliogeuzwa unauvuta, na hapo mbao yenyewe haina neno, lakini kila kitu kinabaki kuning'inia kwenye misumari, na msumari uliopigwa kwenye paini laini utatoka polepole, mtoto mmoja baada ya mwingine. Kama ni waya wa chuma, utaugeuza, maana waya unajua kuvutwa tu.

Binti yetu yuko kidato cha pili na alikuwa ametoka kujifunza momenti. Alichukua daftari akakaa na baba yake. Geti lile walilikadiria kilo 40. Upana mita 1.2, kwa hiyo uzito wote ni sawa na uliokaa katikati, sentimita 60 kutoka kwenye bawaba. Bawaba mbili zilikuwa zimeachana mita moja. Akazidisha, akagawanya: bawaba ya juu inavutwa kwa nguvu ya kilo 24 muda wote, usiku na mchana, hata geti likiwa limefungwa na hakuna mtu. Akaongeza mtoto wa kilo 30 aliyening'inia kwenye ncha kabisa. Zikaongezeka 36. Jumla 60, zikiivuta nguzo iliyozikwa mpaka magotini. Akajaribu tena bawaba zikiachana mita 1.2 badala ya moja, na zile 24 zikashuka kuwa 20. Mjomba hakuwa amesoma momenti, lakini alipoonyeshwa namba alitikisa kichwa akasema ndiyo maana bawaba ya juu huiweka juu kabisa na ya chini chini kabisa. Nilimwona binti yangu akiipigia mstari ile 20 mara mbili. Fizikia ilikuwa imeingia uani.

Likabaki jiwe. Baba watoto alitaka lichomwe. Ndivyo wanavyofanya wapasua kokoto wa vilima vya Mwanza: wanawasha moto juu ya jabali, jiwe linatanuka, tabaka la juu linaachia, kisha nyundo inamalizia. Ni kazi ngumu na hatari, na wengi wanaoifanya ni akina mama wanaokaa juani kutwa nzima wakisubiri gari la kununua rundo lao. Nyumba nyingi za jiji hili zimesimama juu ya mikono yao na sidhani kama tunawalipa inavyostahili. Lakini moto karibu na banda la kuku mama aliukataa. Mjomba naye alikuwa na neno jingine. Aliufuta udongo kwa kiganja, akaligonga jiwe kwa nyundo sehemu kadhaa akisikiliza, na lilipolia kwa sauti ileile kila mahali akasema, "Hili halina ufa. Mnataka kulivunja ili muweke zege, na zege lenyewe ni jiwe la kutengeneza. Hapa mmepewa lililokwisha tengenezwa."

Tukaondoa udongo wote wa kuzunguka mashimo mpaka jiwe likabaki wazi, kisha tukakodi keekee ya umeme ya kutoboa mawe. Kwa kila nguzo yakatobolewa matundu manne, kina cha shubiri, yakapulizwa vumbi kwa mrija, yakatiwa saruji nzito na nondo za milimita 16. Fundi wa vyuma wa kule Nyakato alitutengenezea viatu vya nguzo: bamba la chini lenye matundu ya kupokea nondo, na vyuma bapa viwili vinavyopanda pande zote mbili mpaka usawa wa nyonga, vya kushika nguzo kwa bolti zinazopita upande hadi upande. Nguzo zikakaa ndani ya viatu hivyo, vidole viwili juu ya jiwe. Mguu wa nguzo haugusi udongo. Maji yakija yanapita chini yake, na mchwa akitaka kupanda atalazimika kujenga njia yake mbele ya macho yetu.

Mjomba akataka na boriti ya juu, inayounganisha vichwa vya nguzo mbili, ili moja ikivutwa nyingine isaidie. Hapo ukazuka mjadala wa kimo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Baba watoto alipima kwa kimo chake akaongeza shubiri. Mama akasema hapana, wewe hupiti hapa na mzigo. Akaenda akamsimamisha njiani jirani yetu anayeuza dagaa, akiwa na beseni lake limejaa kichwani, akamwomba asimame katikati ya nguzo. Mjomba akapima kutoka jiweni mpaka juu ya rundo la dagaa. Kisha mama akamwambia jirani atembee, asisimame, kwa sababu mtu akitembea kwenye mteremko hunyanyuka. Akapima tena. Boriti ikawekwa kwa kipimo hicho. Upana nao ulipimwa kwa toroli la maji lenye madumu pande zote. Geti letu lina vipimo vya watu wanaolipita, na nikiona nyumba mpya mjini zenye vijilango vya nyuma ambavyo mtu lazima ajikunje kupita, huwa najiuliza kama aliyezichora aliwahi kubeba kitu kichwani.

Fremu safari hii ilikuwa ya mninga. Paini ya kwanza ilibaki ya kujazia, maana hakuna ubao uliokuwa na kosa. Mjomba na kijana walichonga ulimi na tundu kwenye kila pembe, wakapigilia vigingi vya mninga badala ya kutegemea misumari. Kijana ndiye aliyechonga ndimi, na mjomba alikiri mwenyewe kwamba mkono wa kijana ni safi kuliko wake. Ubao wa mshazari ukaanzia chini ya bawaba ukapanda kwenda kwenye komeo, ncha zake zikachongwa zikakaa kwenye pembe za fremu bila nafasi ya kuteleza. Mbao za kujazia, zilipokwisha kukauka, wakazipunguza upana, zikapangwa na upenyo wa msumari kati yake, kila moja imeshikwa katikati tu ya upana wake ili ipate kupumua pande zote mbili. Ubao wa juu wa fremu ukarandwa mgongo uelekee nje, mvua isikae. Vichwa vya mbao, pale nyuzi zinapokatika na kunywa maji kwa pupa, vikapakwa rangi ya mafuta mara kadhaa kabla ya kuunganishwa.

Baba watoto alikuwa ameleta dumu la oili chafu la gereji, kama wengi wanavyofanya kwenye nguzo. Niliikataa. Oili ile imebeba masizi na mabaki ya metali za injini. Watoto watalishika geti, mbuzi wataliramba, na mvua itaishusha yote kwenye mteremko mpaka kwenye maji tunayovua. Tukanunua dawa ya mbao na rangi. Gharama iliongezeka, na sijutii hata shilingi.

Siku ya kulitundika, bawaba ndefu za mkono zilifungwa kwa bolti na nati, mjomba akashusha timazi kwenye nguzo, akalifungua geti nusu akaliachia. Lilibaki pale pale alipoliacha. Geti ambalo nguzo yake imeinama hujifungua au kujifunga lenyewe. La kwetu lilisimama. Watoto walikuwa wanangoja pembeni. Mjomba akampandisha mkubwa wao kwenye ubao wa chini, akamsukuma, akainama kutazama ncha. Haikushuka.

Ndipo baba watoto akatoa kufuli mfukoni.

Mama alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua sauti. "Hilo la nini?"

"La usiku, mama. Na mchana tukitoka."

"Na wa mlimani wapite wapi?"

"Wazunguke barabarani."

"Na beseni kichwani, jua la saa sita. Baba yako Magu alipachika magogo ili ng'ombe wasitoke. Mtu akija aliyachomoa akapita akayarudisha. Njia ya kwenda majini haina mwenyewe, mwanangu. Mbuzi mfungie. Mtu usimfungie."

Walibishana mpaka chakula cha jioni, na sisemi kwamba baba watoto hakuwa na hoja. Vitu huibwa Igombe kama kwingineko, na taa ya sola ya jirani ilikuwa imechukuliwa mwezi uleule. Lakini nilikuwa upande wa mama na nikasema hivyo. Ziwa limewanyima watu njia yao, hawakuja kwetu kwa kupenda. Mwishowe kijana, aliyekuwa kimya muda wote, akachonga komeo la mti linaloinuka na kushuka kwenye vishikio viwili, akalitoboa na kulifunga kamba inayopita kwenye tundu mpaka nje. Mtu yeyote akivuta kamba, komeo linainuka. Mbuzi hawezi kuvuta kamba. Usiku kamba inavutwa ndani, na anayeshuka alfajiri kuwahi dagaa hugonga, mmoja wetu akaamka. Baba watoto ndiye anayeamka mara nyingi, na wauza dagaa humwachia kibaba.

Masika yalipita. Geti lilivimba, mbao zikasogeleana zikaacha upenyo mwembamba, likaendelea kufunguka. Matembele yamerudi.

Jirani wa mtaa wa chini, karibu zaidi na mwalo, naye ametaka la namna hiyo, na kazi amempa yule fundi kijana. Jana kijana alikuja kwetu kuulizia tulikokodi keekee, kwa maana alikuwa amekwisha agiza viatu vya chuma na nondo. Mama, aliyekuwa amekuja tena, akamuuliza kule chini amekuta nini alipochimba. Akasema mchanga, amechimba mpaka magotini na bado ni mchanga. Mama akaweka kando bakuli la michembe, akachukua koleo letu nyuma ya banda la kuku, akamkabidhi.

"Keekee ya kutoboa mchanga? Nenda kachimbe mpaka kiunoni, nguzo uiachie mguu mrefu, ndipo uje tuongee zege. Na huo mshazari, kabla hujapigilia, nitakuja kuuona."